Gari Inachelewa Kuwaka? Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ugonjwa Kwenye SUV ya Zamani

Hili swali linaulizwa kila mara na jibu huwa lilelile, nunua betri. Mtu ananunua betri mpya, gari inawaka vizuri siku kadhaa, alafu inarudi kulekule, anabadilisha stata, anabadilisha plagi, anaambiwa ni pampu anabadilisha na pampu, na bado asubuhi anapiga stata mara nne ndo injini ishike. Pesa imeisha na ugonjwa haujajulikana kwasababu hakuna mtu aliyepima kitu hata kimoja.

Kwahiyo hapa tunapima kwanza. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke ila pale unapoambiwa, kwasababu kila hatua inategemea majibu ya ile ya nyuma.

## Vitu vya kuandaa

- Multimita ya kawaida ya dijitali inayosoma volti za DC, omu na ampea mpaka 10. Ya bei rahisi inatosha ila iwe na betri nzima ndani, mita yenye betri iliyochoka inatoa namba za uongo.
- Spana za terminali za betri, mara nyingi namba 10, zingine 12 au 13.
- Brashi ya waya au msasa.
- Waya za jampa, zile nene kweli.
- Tochi, glavu, miwani ya kukinga macho.
- Mtu wa pili wa kukaa ndani na kupiga stata wewe ukiwa kwenye mita.
- Karatasi na kalamu. Namba zote ziandikwe, usitegemee kichwa.
- Ukiweza pata mashine ya kusoma kodi za hitilafu (namba za makosa kwenye kompyuta ya gari) inayoonyesha pia data za injini wakati huohuo, na kwa petroli geji ya presha ya mafuta. Hizi mbili unaweza kuazima, zitahitajika mbele tu.

## Kabla hujagusa kitu

Handibreki juu, gia iwe P au nyutro, na tairi weka kizuizi. Nguo zinazoning'inia na nywele ndefu viwe mbali na feni na mikanda. Betri inatoa gesi ya haidrojeni hasa ikitoka kuchajiwa, kwahiyo hakuna sigara wala cheche karibu. Ukifungua betri unaanza na negativu, ukifunga negativu inakuwa ya mwisho, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua positivu na negativu bado imefungwa ni shoti kubwa.

Na stata usiipige zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, ipumzishe dakika moja au mbili ndo urudie. Stata inapata joto haraka sana, na nyingi zimeungua mikononi mwa mtu aliyekuwa anatafuta tatizo jingine kabisa.

## Hatua ya 1: Jua ni ugonjwa upi kati ya miwili

Hapa ndo wengi wanapopotea. "Gari inachelewa kuwaka" ni malalamiko mawili tofauti na hayana uhusiano.

La kwanza, stata inazungusha injini polepole. Unasikia inavuta kwa shida, taa za dashibodi zinafifia, saa nyingine inapiga "tak" moja na kunyamaza. Huu ni upande wa umeme mkubwa, yaani betri, waya, ethi (njia ya umeme kurudi negativu kupitia injini na bodi) na stata. Nenda hatua ya 2.

La pili, stata inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila injini inachelewa kushika. Sauti ina nguvu, inazunguka sekunde tano, nane, kumi, ndo inawaka. Hapo betri haina kosa, tatizo liko kwenye mafuta, moto wa plagi, hewa, sensa au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Ruka mpaka hatua ya 6 kwa petroli, au ya 7 kwa dizeli.

Kama hauna uhakika, irekodi na simu asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa, alafu rekodi tena ikiwa ya moto, usikilize zote mbili. Andika pia inasumbua lini: asubuhi tu, ikiwa ya moto tu, au muda wote. Hiyo taarifa moja inafuta nusu ya vitu vya kukagua.

## Hatua ya 2: Pima betri mara mbili

Kipimo cha kwanza ni betri ikiwa imepumzika, gari imelala usiku mzima. Kama imetoka kutembea washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndo upime, bila hivyo utasoma chaji ya juujuu ambayo haidumu. Weka mita kwenye volti za DC, gusisha zile nguzo zenyewe za risasi, sio klempu ya waya.

- 12.6 kwenda juu: imejaa.
- 12.4: kama robo tatu.
- 12.2: nusu.
- 12.0 kushuka: robo au chini ya hapo, chaji kwanza ndo uendelee. Vipimo vyote vya mbele vitakudanganya ukipima na betri iliyoshuka.

SUV zingine za dizeli zina betri mbili. Kama mfumo ni wa volti 24 namba za volti za betri zidishe mara mbili. Kama ni 12 na betri zimeungwa pamoja, zitenganishe upime kila moja peke yake, kwasababu moja ikifa inanyonya mwenzake na ukipima kwa pamoja hutojua mgonjwa ni nani.

Kipimo cha pili ndo chenye maana zaidi. Mita ikae palepale kwenye nguzo, mwenzako apige stata sekunde nne au tano, wewe soma namba wakati stata inazunguka. Ili gari isiwake katikati ya kipimo, petroli chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, dizeli ya zamani chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta (valvu ya umeme) pale kwenye pampu.

Sasa isome hivi:

Volti inabaki juu ya 10 na stata inazunguka kwa nguvu. Upande huu mzima. Kama gari bado inachelewa kushika nenda hatua ya 6, dizeli ya 7.

Volti inashuka chini ya 9.6 na stata inazunguka kwa shida. Ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi. Unga betri nyingine unayojua ni nzima kwa jampa nene. Ikizunguka vizuri, betri yako ndo mgonjwa. Ikiendelea kuvuta kwa shida na volti bado inaanguka, stata imekaza au injini yenyewe nzito.

Volti inabaki juu, mfano 11.5, lakini stata inazunguka polepole. Hii ndo inawaponza watu. Betri iko na nguvu ila umeme haufiki kwenye stata, kuna mahali unazuiwa njiani. Hapa ukinunua betri umetupa pesa. Nenda hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Waya na ethi

Kwenye gari ya zamani nakushauri utumie muda wako mwingi hapa. Waya inaonekana nzima kwa nje kumbe ndani ya plastiki shaba imeoza na kuwa ya kijani, au klempu imefungwa vizuri kabisa lakini katikati yake na nguzo kuna utando mweusi. Stata inavuta ampea zaidi ya 100, kwa dizeli kubwa mia kadhaa, kwahiyo hata kizuizi kidogo sana kinakula volti nyingi. Kupima waya kwa omu hakusaidii, hata nyuzi tatu za shaba zilizobaki zitakuonyesha waya ni mzima. Lazima upime umeme ukiwa unapita.

Anza na usafi. Fungua klempu, safisha ndani yake na nguzo mpaka chuma kiwe kinang'aa, ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye bekingi soda, usiruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri. Funga, kaza mpaka klempu isizunguke kwa mkono.

Alafu pima hivi, kila kipimo stata ikiwa inazunguka:

Upande wa positivu. Ncha nyekundu kwenye nguzo ya positivu, ncha nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata ile inayopokea waya mnene wa betri. Namba nzuri ni chini ya 0.5. Ukiona 1 au 2, hizo ni volti zinazopotea kwenye waya kabla hazijafika kwenye stata.

Upande wa ethi. Ncha nyeusi kwenye nguzo ya negativu, nyekundu kwenye bodi ya stata au chuma kitupu cha injini, sio palipopakwa rangi. Namba nzuri ni chini ya 0.3.

Namba ikizidi, sogeza ncha kidogokidogo kuifuata njia: nguzo mpaka klempu, klempu mpaka mwisho wa waya, mwisho wa waya mpaka boliti. Pale namba inaporuka ghafla ndo penye ugonjwa. Kiungo kimoja kizuri hakitakiwi kupoteza zaidi ya 0.1 au 0.2.

Kama hauna mita siku hiyo kuna njia ya haraka ya ethi. Chukua waya mmoja wa jampa, unga kutoka nguzo ya negativu moja kwa moja mpaka chuma kitupu cha injini, mbali na mikanda, piga stata. Ikibadilika na kuzunguka kwa kasi, ethi yako mbovu na umeshamaliza kazi. Angalia ule mkanda wa ethi kati ya injini na bodi, kwenye magari yaliyowahi kushushwa injini mara nyingi haukurudishwa au umefungwa juu ya rangi na kutu.

Dalili nyingine, baada ya kupiga stata pitisha mkono kwenye waya na klempu. Penye joto ndo penye kizuizi. Fanya taratibu maana panaweza kuunguza kweli.

Ukifaulu hapa: positivu chini ya 0.5, ethi chini ya 0.3, na sauti ya stata imebadilika hata bila mita. Kama namba nzuri na bado nzito, endelea.

## Hatua ya 4: Stata yenyewe

Stata nyingi zina boliti mbili kubwa kwenye solenoidi, moja inapokea betri, nyingine inaingia kwenye mota. Weka ncha moja kila boliti. Kabla ya kupiga utasoma volti za betri, usishtuke, ni kawaida. Stata ikizunguka namba inatakiwa ianguke mpaka chini ya 0.3 hivi. Ikibaki 1 au zaidi, zile kopa (vipande vya shaba vinavyopitisha umeme) za ndani ya solenoidi zimeliwa. Kwenye stata za Denso ambazo ziko kwenye Toyota nyingi za zamani hili ni tatizo la kawaida: unapiga inasema "tak", unapiga tena "tak", mara ya tano inazunguka kwa nguvu zote. Kopa zinauzwa peke yake, hauhitaji stata nzima, ila uzibadilishe zote mbili na uangalie na kile kisahani cha plunja.

Ikiwa "tak" yenyewe haipo, pima ule waya mdogo unaoiamsha solenoidi wakati ufunguo uko kwenye kupiga stata. Chini ya volti 10 maana yake umeme unapotelea kwenye swichi ya ufunguo, rilei, au swichi ya P na nyutro. Jaribu kupiga ukiwa N badala ya P, ikikubali ni hiyo swichi ya P na nyutro.

Kama stata nzima, waya nzima, betri nzima na bado inazunguka kwa uzito, fikiria oili. 20W-50 kwenye baridi kali ni nzito mno, fuata namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Na kama ni nzito ikiwa ya moto tu, stata ndo inashukiwa kwanza, bushi na brashi zimekwisha, na kwa injini za distribyuta kagua taiming pia, ikiwa mbele sana injini inapigana na stata.

## Hatua ya 5: Kwanini betri inashuka

Kama betri uliikuta chini, usiichaji tu ukaondoka. Injini ikiwaka pima kwenye nguzo, inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.7, na ukiwasha taa na feni isishuke chini ya 13.5 hivi. Chini ya hapo ni alternata, mkanda wake au waya wake.

Kama chaji nzuri ila betri inakufa usiku, kuna kitu kinakula. Weka mita kwenye sehemu ya ampea 10, iunge katikati ya nguzo ya negativu na klempu yake, funga milango, subiri nusu saa kompyuta zilale. Kawaida ni chini ya ampea 0.05. Ikizidi chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Usipige stata wala kuwasha gari mita ikiwa hivyo, utaiunguza papo hapo.

## Hatua ya 6: Petroli, stata nzuri ila injini haishiki haraka

Anza na jaribio lisilohitaji kifaa. Asubuhi gari ya baridi, weka ufunguo ON sekunde tatu bila kupiga, rudisha OFF, rudia mara tatu, alafu piga. Ikishika papo hapo na kawaida huwa inachelewa, presha ya mafuta inashuka gari ikiwa imezimwa, na ulipoweka ON pampu iliijenga upya. Ila angalizo, kwenye magari mengine, Toyota nyingi za zamani zikiwemo, pampu haizunguki mpaka stata izunguke, kwahiyo jaribio likikataa usiamue kwamba mafuta hayana shida.

Ukiwa na geji unapata jibu la uhakika. Injini nyingi za zamani zenye injekta ziko bar 2.5 mpaka 3.5, hakikisha na kitabu cha gari yako. Zima injini uangalie: presha itashuka kidogo na kusimama, ikienda sifuri ndani ya dakika chache inavuja. Ili ujue wapi, ibane paipu ya mpira ya marejesho mara tu unapozima, ikisimama ni regyuleta. Ibane ya kupeleka, ikisimama ni valvu ya ndani ya pampu. Isiposimama kote kuna injekta inadondosha. Paipu za plastiki usizibane kabisa, zinapasuka.

Regyuleta ina kipaipu kidogo cha vakyumu juu, kichomoe. Ukikuta petroli ndani yake, diaframu imechanika, hauna haja ya kupima zaidi.

Mengine kwenye petroli:

Ikiwaka tu ukikanyaga mafuta kidogo, valvu ya hewa ya silensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) imejaa uchafu. Safisha hiyo na throto kwa dawa yake.

Ikiwaka ukikanyaga pedeli mpaka chini, injini imejaa mafuta, maana kompyuta nyingi zikiona pedeli iko chini kabisa wakati wa stata zinakata injekta. Kagua injekta inayovuja na sensa ya joto.

Sensa ya joto la maji inalaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Asubuhi kabla ya kuwasha soma kwenye mashine joto la maji na joto la hewa inayoingia, yanatakiwa yakaribiane. Maji yakisoma nyuzi 80 kwenye gari iliyolala, kompyuta inatoa mafuta machache ikidhani injini ya moto, na wewe utapiga stata mpaka uchoke. Kuna kitu cha kukera hapa, kodi ya hitilafu huwa haiwaki kwasababu 80 ni namba halali.

Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini: piga stata huku unaangalia rpm (mizunguko kwa dakika) kwenye mashine. Inatakiwa isome kitu kama 150 mpaka 300. Ikisoma 0 huku injini inazunguka, sensa au waya wake. Nyingi zinaanza kusumbua zikiwa za moto.

Plagi, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta na rota ni kukagua kwa macho: nyufa, kaboni, ncha zilizoliwa.

## Hatua ya 7: Dizeli inayochelewa kushika

Angalia moshi kwenye egzosi wakati stata inazunguka, moshi unakupa jibu kabla ya kifaa chochote. Ukiona moshi mweupe, dizeli inaingia ila haiungui, nenda kwenye hita plagi (plagi za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha) alafu kompresheni. Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki: hewa, filta, au solenoidi ya kukata mafuta.

Kuhusu hita plagi, ile taa ya dashibodi kuwaka na kuzima haithibitishi kwamba plagi zinapata moto. Kwenye magari mengi inaendeshwa na taima tu, plagi zote zinaweza kuwa zimekufa na taa ikaendelea vizuri. Pima volti kwenye ile sahani inayounganisha plagi ufunguo ukiwa ON. Hakuna umeme, kagua rilei na fyuzi yake kubwa. Umeme upo, toa sahani upime omu ya kila plagi kwenda kwenye injini: nyingi zinasoma chini ya 2 na zinatakiwa zikaribiane, isiyosoma kitu imekatika. Gusisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, uitoe hiyo. Usiiunge plagi moja kwa moja na betri kabla hujasoma volti iliyoandikwa juu yake, kuna za volti ndogo, zinaungua na ncha inaweza kudondokea ndani ya silinda.

Kuhusu hewa, siku moja egesha gari pua ikiangalia chini ya mteremko, siku nyingine pua juu. Ikiwaka vizuri pua ikiwa chini na kusumbua pua ikiwa juu, dizeli inarudi kwenye tanki usiku na hewa inachukua nafasi. Au asubuhi kabla ya kupiga, bonyeza kwa mkono ile pampu ndogo iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, alafu piga. Ikishika mara moja jibu ni hilohilo. Tafuta klempu za paipu, oringi ya filta, oringi za hiyo pampu ya mkono. Kipande cha paipu inayoonyesha ndani, ukikiweka karibu na pampu kubwa, utaziona povu kwa macho.

Onyo: ile dawa ya kupuliza ya kuwashia usiitumie kwenye dizeli yenye hita plagi. Inawaka kabla ya wakati wake na inavunja pete na pistoni.

## Hatua ya 8: Kompresheni, ukishamaliza yote

Sikiliza mdundo wa stata. Injini nzima ina mdundo sawa, ukisikia kila baada ya mizunguko kadhaa inakimbia ghafla kisha inarudi kuwa nzito, kuna silinda isiyobana. Petroli toa plagi zote, kata mafuta na moto, kanyaga pedeli mpaka mwisho, pima kila silinda kwa geji. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 au 15. Yenye namba ndogo weka oili kijiko kimoja upime tena, ikipanda ni pete, isipopanda ni valvu au gasketi ya kichwa. Dizeli inataka geji yake maalumu maana inapita bar 20, hii mpelekee fundi mwenye nayo.

## Jinsi ya kujua umepona kweli

Usihukumu jioni ileile gari ikiwa ya moto. Ilaze usiku, asubuhi rudia vipimo vilevile ulivyoandika kwenye karatasi: volti ya kupumzika, volti wakati wa stata, ethi, na sekunde za kushika kwa kurekodi na simu. Petroli nzima inashika ndani ya sekunde moja au mbili, dizeli baada ya hita plagi vilevile. Ikiwa hivyo asubuhi tatu mfululizo, fyuzi na waya ulizochomoa zimerudi zote mahali pake na hakuna klempu inayopata joto, funga boneti.